Kuku Hajui Mpaka wa Boma: Ufugaji Huria wa Kuku na Bata wa Nyama katika Kata Yetu

Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa na Afisa Mifugo wa Kata mbele ya mkutano wa wakazi. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wananchi ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.



Wapo watakaosema kwamba kuku ni jambo dogo, lisilostahili kuitishiwa mkutano. Lakini sisi wa Kanda ya Kati tunajua kuku ni nani katika nyumba zetu. Kuku wa Singida wanasifika hadi katika masoko ya Dar es Salaam. Mtoto anapohitaji madaftari, mgonjwa anapohitaji nauli ya kwenda hospitali, au mgeni anapoingia bila taarifa, hatuuzi ng'ombe, tunamtazama jogoo. Tena katika kaya nyingi kuku na bata ni mali ya mama, mali ambayo anaweza kuiuza bila kusubiri msimu wa mavuno. Kwa hiyo ugonjwa unapoingia bandani na kuua kuku ishirini katika wiki moja, kinachopotea si kitoweo tu. Inapotea nauli ya hospitali, na inapotea akiba ya mama.

Neno langu la leo ni moja, na mengine yote nitakayoyasema yanatokana nalo. Kuku anayefugwa huria hafugwi na kaya moja. Anakula kwako, anakunywa kwa jirani, anaoga vumbi njiani na kupekua jalala la mtu wa tatu. Bata naye hufuata tope popote lilipo. Basi afya yao haiwezi kulindwa na kaya moja peke yake. Ama kitongoji kizima kinajilinda kwa pamoja, au kila mmoja anapoteza kwa zamu yake.

Adui anayetuangamiza

Ugonjwa unaoua kuku wetu kwa wingi kuliko magonjwa mengine ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Husababishwa na virusi. Kuku mgonjwa huzubaa, hushusha mabawa, huhema kwa shida huku amefunua mdomo, huharisha kinyesi cha kijani, na wengine hupinda shingo au kupooza miguu. Mara nyingine kuku hufa kabla hata dalili hazijaonekana. Kundi lisilo na kinga linaweza kuteketea karibu lote katika siku chache.

Ugonjwa huu hauna dawa. Nalisema hili kwa uwazi kwa sababu fedha nyingi zinapotea kila mwaka kwa kuwanywesha kuku vidonge vya rangi mbili, maji ya pilipili, shubiri na mwarobaini. Vidonge vile hupambana na bakteria. Havina uwezo juu ya virusi. Kuku anayepona baada ya kunyweshwa amepona kwa nguvu za mwili wake. Zaidi ya hayo, kutumia dawa hizo ovyo hufanya vimelea vizizoee, na siku binadamu atakapozihitaji huenda zisimsaidie.

Kinga pekee ya kutegemewa ni chanjo. Chanjo inayofaa mazingira ya vijijini ni ile inayoitwa I-2, ambayo hutengenezwa hapa nchini na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Sifa yake kubwa ni kuvumilia joto zaidi kuliko chanjo za zamani, na kwa sababu hiyo inaweza kumfikia mfugaji asiye na jokofu. Lakini kuvumilia joto si kustahimili jua kali. Mchanjaji huibeba ikiwa imefunikwa kwa kitambaa kibichi, kivulini, na hufuata maelekezo yaliyoandikwa kwenye kichupa kuhusu muda wa kuitumia baada ya kufunguliwa.

Utoaji wake ni mwepisi. Kuku hushikwa vizuri, akalazwa ubavu, kisha hudondoshewa tone moja katika jicho moja. Mchanjaji husubiri mpaka kuku apepese jicho, ndipo amwachie. Tone ni hilo hilo kwa jogoo mkubwa na kwa kifaranga. Kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka mwilini, na chanjo hurudiwa kila baada ya miezi 3.

Wengi huuliza kwa nini irudiwe. Sababu ni mbili. Ya kwanza, kinga hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Ya pili, kundi la kuku halikai lilivyo: kifaranga atakayeanguliwa Agosti hakuwapo siku tulipochanja Julai. Baada ya miezi michache, nusu ya kuku walio katika kitongoji wanaweza kuwa hawajawahi kuguswa na chanjo, ingawa wenyewe tunaamini kwamba tulishachanja.

Kwa nini siku moja, wote

Tuchukue mfano. Kitongoji kina kaya arobaini. Siku ya chanjo kaya ishirini na tano zinachanja, kumi na tano hazichanji. Ugonjwa ukiingia, unapata makazi katika zile kaya kumi na tano. Virusi vinazaliana humo, vinatoka kwa kinyesi na mafua, vinasambaa kwa miguu ya watu, kwa mbwa, kwa vyombo vya maji. Kaya zilizochanja zina vifaranga walioanguliwa juzi, zina kuku waliorukia mtini wasishikwe siku ile, na zina kuku mgeni aliyeletwa na shemeji. Hao wote watafikiwa. Lakini kaya zote arobaini zikichanja kwa siku moja, ugonjwa ukiingia unakosa wa kumshika, nao unazimika kama moto uliokosa kuni.

Kikwazo kikubwa cha siku ya chanjo si uhaba wa dawa, bali ni kwamba kuku hawakamatiki. Mchanjaji anafika saa 2 asubuhi, kuku wameshatawanyika. Kwa hiyo naomba tukubaliane: tarehe ikitangazwa, kila kaya iwafungie kuku na bata wake jioni ya siku iliyotangulia, na asubuhi isiwafungulie mpaka mchanjaji awe amepita. Kwa kaya ambazo kuku wao hulala mtini au jikoni, hii ndiyo sababu ya kwanza ya kujenga banda.

Yapo mambo mawili yanayowavunja watu moyo, nami sitaki yafichwe. La kwanza, kuku aliyekwisha kuambukizwa, hata kama bado anaonekana mzima, chanjo haimwokoi. Tukingoja mpaka kuku wa jirani waanze kufa ndipo tuite mchanjaji, kuku watakufa baada ya tone, na chanjo itasingiziwa. Hapa kwetu mdondo hupenda kuvamia wakati wa kiangazi kikali, kabla ya mvua. Basi chanjo ya Julai isikosekane kamwe. La pili, chanjo ya mdondo inazuia mdondo peke yake. Haizuii ndui, ambayo ina chanjo yake ya kuchoma kwenye ngozi ya bawa. Wala haizuii homa ya matumbo, kuhara damu au minyoo. Kuku akifa kwa kuhara damu, tusiseme chanjo ya mdondo imeshindwa.

Bata katikati ya kuku

Sasa nigeukie bata, kwa kuwa kaya nyingi zimeanza kuwafuga kwa ajili ya nyama, nami naunga mkono. Bata wetu wa kienyeji, yule mwenye nyama nyekundu usoni, asili yake ni Amerika, lakini ameyazoea mazingira yetu. Si mchaguzi wa chakula. Hula majani, konokono, nzi na wadudu. Dume hufikia uzito unaokaribia mara mbili ya ule wa jike, na jike ni mlezi hodari.

Hata hivyo, bata ana jambo moja ambalo kila mfugaji wa kuku analipaswa kulijua. Virusi vya mdondo vinaweza kuingia mwilini mwake naye asionyeshe dalili yoyote. Anakula, anatembea, anapiga kelele zake kama kawaida, huku akivitawanya virusi kwa kinyesi chake. Mfugaji huona kuku wanakufa na bata wamesalimika, akadhani bata hawahusiki. Ndiyo maana nasisitiza bata wasilale banda moja na kuku, na wasinywe chombo kimoja. Siku ya chanjo mwelezeni mchanjaji idadi ya bata mlio nao, ili awashauri la kufanya.

Ipo na sababu nyingine ya kuwatenganisha. Bata hawezi kula bila maji karibu; hutumbukiza mdomo, husafisha pua na macho, na kila anapokunywa hulowesha mahali alipo. Matandiko yaliyolowa ndani ya banda la kuku huleta kuhara damu kwa vifaranga. Si lazima kuchimba bwawa. Karai lenye kina cha kumwezesha bata kuzamisha kichwa linatosha, mradi liwekwe mbali na banda la kuku, na maji yabadilishwe kila siku. Katika sehemu zetu zenye uhaba wa maji, maji hayo machafu yasimwagwe bure. Yamwagiwe migomba au bustani ya mboga, kwani yana mbolea.

Kuhusu kuatamia, yai la kuku huanguliwa kwa siku 21, na la bata huyu kwa siku zipatazo 35. Jike la bata anaweza kuatamia mayai ya kuku kwa ustadi, na wengi wenu mnafanya hivyo. Kosa ni kuchanganya mayai ya aina mbili katika kiota kimoja. Vifaranga wa kuku wakitoka, mama huondoka nao, na mayai ya bata yanapoa na kuoza.

Kifaranga ndiye faida

Baada ya chanjo, hasara kubwa inayofuata ni vifo vya vifaranga. Tupige hesabu ya mfano. Mama ana makoo matano. Kila moja linaatamia mara 3 kwa mwaka na kuangua vifaranga 10. Hao ni vifaranga 150. Wakibaki 40 kwa sababu wengine wamechukuliwa na mwewe, nguchiro, paka shume, baridi na njaa, mama atasema kuku hawana faida. Wakibaki 100, mama huyo huyo, kwa makoo yale yale matano, ana biashara. Hakununua kuku mwingine. Aliwalinda tu wale waliozaliwa kwake.

Kuwalinda hakuhitaji fedha nyingi. Kwa wiki nne za mwanzo, mama na vifaranga wasiachwe kuzurura. Wawekwe katika kizimba cha miti na wavu, au chini ya tenga kubwa, mahali pakavu pasipo na upepo. Wapewe maji safi katika chombo kifupi chenye kokoto ndani, ili wasizame, na chakula chao wenyewe wasichonyang'anywa na wakubwa. Baada ya wiki hizo nne, vifaranga wanaweza kutenganishwa na mama yao ikiwa kuna mahali pa joto pa kuwalaza. Koo likiondolewa malezi mapema hurudi kutaga mapema.

Banda lenyewe liwe la vifaa vya hapa hapa: miti, udongo, nyasi au bati. Liwe na hewa ya kutosha upande wa juu, mlango unaofungwa, vichanja vya kulalia, na viota vyenye kivuli. Msongamano ni chanzo cha magonjwa. Kuku wakubwa watano au sita kwa mita 1 ya mraba wanatosha. Lifagiliwe kila siku, na mbolea yake ipelekwe shambani.

Chakula na sumukuvu

Kuku huria hujitafutia sehemu kubwa ya chakula chake, lakini wakati wa kiangazi ardhi haina cha kumpa. Kuku wa nyama asiyeongezewa chakula atachukua muda mrefu kufikia uzito wa kuuzwa. Kanda yetu imebarikiwa alizeti. Mashudu yake yana protini, nayo yakichanganywa na pumba za mahindi au mtama, dagaa kidogo, unga wa mifupa na chumvi kiasi, hutengeneza chakula kizuri cha nyongeza. Majani ya mlonge na mboga za bustani huongeza vitamini. Mchwa nao ni chakula bora cha vifaranga: chungu chenye mabua na kinyesi kikavu cha ng'ombe, kilicholowanishwa na kufunikwa kifudifudi juu ya njia ya mchwa jioni, asubuhi huwa kimejaa. Wapewe asubuhi na jioni. Mgao wa jioni ndio unaowafundisha kurudi bandani.

Naomba mnisikilize kwa makini katika hili. Mahindi au mashudu yaliyoota ukungu yasipewe kuku wala bata. Katika kaya nyingi mahindi yaliyoharibika hutengwa kuwa “ya kuku”. Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye sumu hiyo, na hapa kwetu mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Vifaranga wa bata ni miongoni mwa viumbe wanaodhurika upesi zaidi. Na sumu hiyo haimaliziki kwa kuku. Inaweza kupita katika maini na mayai hadi kwenye sahani zetu. Nafaka yenye ukungu ifukiwe.

Kuuza kwa uaminifu

Msimu wa bei nzuri tunaujua: Sikukuu za Idi, Krismasi na Mwaka Mpya. Mfugaji makini huhesabu kurudi nyuma. Jogoo wa kienyeji aliyetunzwa huhitaji miezi mitano hadi sita ili afae sokoni. Hivyo wa Krismasi aanguliwe Juni au Julai. Majogoo wasizidi mahitaji: jogoo mmoja kwa makoo manane hadi kumi anatosha, na dume moja la bata kwa majike manne au matano. Waliosalia ni wa kuuza au wa kitoweo. Jogoo wa mbegu abadilishwe kwa kubadilishana na wafugaji wa kijiji kingine, ili kuku wasizaliane ndugu kwa ndugu na kudumaa. Lakini mgeni huyo, sawa na kuku yeyote aliyerudi mnadani bila kuuzwa, atengwe kwa siku 14 kabla ya kuingizwa katika kundi. Aliyepewa dawa asichinjwe wala kuuzwa kabla ya kwisha kwa siku zilizoandikwa kwenye dawa hiyo.

Sasa nafika kwenye jambo gumu kulisema mbele ya watu wazima. Kila mdondo unapoanza, katika saa chache wachuuzi hupata kuku wengi kwa bei ya kutupa. Tunajua sababu yake. Mtu ameona wawili wamekufa, akafunga waliobaki kwenye susu na kuwahisha mnadani kabla hawajafa. Najua uchungu wa mama anayeona akiba yake inazimika, nami simdharau. Lakini susu hilo moja hupeleka ugonjwa katika vitongoji vingi kwa siku moja, kwa akina mama wengine ambao nao wana watoto wanaohitaji madaftari. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inamtaka mwenye mifugo atoe taarifa ya ugonjwa wa kuambukiza. Kabla ya sheria, upo ujirani.

Kwa hiyo kuku au bata wakifa ghafla, fanyeni hivi. Wazima wafungiwe, wasizurure. Aliyekufa asiliwe, asitupwe jalalani, asipewe mbwa, kwa kuwa utumbo na manyoya yake ndiyo mbegu ya ugonjwa. Achomwe au afukiwe katika shimo refu. Mwenyekiti wa kitongoji aarifiwe siku hiyo hiyo, naye atufikishie habari. Taarifa hiyo haina adhabu wala aibu. Anayeitoa mapema anawaokoa jirani zake.

Ndugu wananchi, naomba kila kitongoji kitoke hapa kikiwa kimefanya mambo matatu. Kichague watu wawili, mmoja wao akiwa mwanamke, wa kufundishwa kutoa chanjo ya tone la jicho, na majina yao yaletwe ofisi ya kata. Kikubali ratiba ya Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Tarehe kamili na ada, ikiwa ipo, zitabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Na kiandike katika daftari la kitongoji idadi ya kuku na bata wa kila kaya, ili tujue ni dozi ngapi ziletwe. Daftari hilo halitatumika kwa jambo jingine lolote.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kuku wetu hawajui mpaka wa boma, na hatutaweza kuwafundisha. Sisi wenye akili ndio tunaopaswa kuvuka mipaka hiyo, tukabisha hodi kwa jirani jioni ya siku ya kufungia na kumkumbusha: kesho ni siku ya chanjo, kuku wako wamelala ndani?